Vyoo Vitatu vya Idah

Kufuli lilikuwa jipya, la shaba, na lilining'inia kwenye mlango wa choo kama medali. Nyawira alijaribu ufunguo wake mara mbili, ukakataa hata kuingia. Akageuka. Nyuma yake ploti nzima ya vyumba vya kupanga ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo ploti ya Mwiki haifanyi saa nne asubuhi: redio zimepunguzwa, beseni limewekwa chini polepole, na pazia la chumba namba tano linatikisika bila upepo.

"Kilonzo!" aliita. "Kilonzo, toka!"

Kilonzo, mwangalizi wa ploti, alitoka kwenye chumba chake kando ya geti akiwa na mswaki mdomoni. Alitema povu kwanza, akajifuta, akasimama mbali.

"Mama Mwas, usinipigie kelele. Mimi nimeambiwa tu."

"Umeambiwa na nani?"

"Wapangaji. Walikaa jana jioni."

"Na mimi si mpangaji?"

"Wewe ulikuwa ajenda."

Pazia la namba tano likafunguka, akatoka Beth, leso kiunoni, mikono ina sabuni. Beth hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, na kwa siku nyingine Nyawira angempenda kwa hilo.

"Mimi nitasema, kwa sababu hawa wengine wanaogopa," Beth alisema. "Mwezi jana ulifungia watu choo kutoka saa nane mpaka giza. Watoto wangu walienda kwa ndoo. Maji ya tanki ukamaliza, na unajua yanakuja Jumatano na Jumamosi peke yake. Tukakuuliza, ukasema ni dawa ya minyoo. Minyoo gani hiyo, Mama Mwas? Ama ni nyoka?"

Mtu alicheka ndani ya chumba fulani.

"Ilikuwa dawa ya hospitali. Ya kusafisha tumbo nipimwe," Nyawira alisema.

"Ndiyo sasa tunasikia. Ugonjwa wa matumbo. Na sisi tunakaa hapo hapo unapokaa."

"Hauambukizi, Beth."

"Kila mgonjwa husema hivyo. Na Kilonzo ametuambia leo unarudia. Sisi tumekataa. Ukitaka choo ya kawaida, uje uombe ufunguo kwangu, uingie, utoke. Lakini hiyo ya kushinda ndani kama kuku ameatamia, tafuta mahali pengine."

Nyawira angeweza kumjibu. Mdomo alikuwa nao. Mwiki nzima ilijua, na kibandani kwake, alikoshona sare za shule, wazazi walilipa mapema ili wasiusikie. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Saa nane mchana alitakiwa kuanza kunywa dawa. Kesho saa mbili asubuhi alitakiwa awe kitandani Thika, utumbo wake mweupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Alimwangalia Beth juu mpaka chini, akamwambia, "Siku yako ikifika, usinitafute," akaingia ndani kufunga mkoba.

Mambo yenyewe yalianzia kanisani. Siku moja baada ya ibada, watu wa afya waliweka meza uani, juu yake vichupa vidogo vyenye kijiti ndani. Unaenda navyo nyumbani, unachokoa kinyesi chako kidogo, unarudisha. Bure. Mchungaji alitangaza huku akiangalia dari. Kina mama wakakumbuka kwamba wameacha maharagwe motoni. Wanaume wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na jambo la haraka la kujadili kule magari yalikoegeshwa. Mtu mzima wa kanisa abebe mavi yake kwenye mkoba, akampe msichana wa miaka ishirini na kitu mkono kwa mkono? Nyawira alichukua kichupa. Alikuwa ameosha watoto watatu na baadaye akamwosha mama yake. Mavi hayakuwa na siri kwake.

Majibu yalirudi: damu. Si damu ya kuonekana kwa macho, bali ile inayojificha. Huenda si kitu, wakamwambia, lakini kwa vile mama yako alikufa na saratani ya utumbo mpana, lazima kamera iingie ikaangalie. Hospitali moja ya misheni Thika ilikuwa na mpango na daktari mgeni, siku moja kila mwezi, kwa bei ambayo fundi wa sare angeiweza. Nje ya mpango huo, bei ya kawaida ilikuwa ya watu wenye bima. Na mpango wenyewe ulikuwa unaisha. Kesho ndiyo siku ya mwisho.

Ile mara ya kwanza aliharibu mwenyewe. Alikunywa jagi la kwanza la dawa, na mlango ukaanza kupigwa: Beth, watoto wa Beth, yule kijana wa bodaboda wa namba tisa. Kila alipoketi, mtu aligonga. Alipofika jagi la pili aliwaza kama mtu wa ploti anavyowaza, kwamba ukinywa nusu utaenda nusu. Iliyobaki akazimwagia sukumawiki zake za kwenye gunia. Asubuhi yake muuguzi alimwangalia, akamuuliza mara ya mwisho ilitokaje, akatikisa kichwa. "Hujasafika, mama. Daktari ataona nini humo? Ni kama kutafuta sindano kwenye matope." Akarudishwa nyumbani, na kitanda chake akapewa mtu mwingine. Sukumawiki nazo zilikauka.

Sasa alifikiria pa kwenda. Choo cha stendi kilikuwa na foleni na mzee wa kugonga mlango. Cha kanisani kilifungwa siku za wiki. Mwanawe Mwas alikaa mtaa wa Landless na vijana wenzake watatu, na choo chao kilikuwa ndugu wa hiki cha Mwiki. Palibaki mahali pamoja.

Dada yake mkubwa, Idah, alikaa Thika kwenye nyumba ya ghorofa yenye vyoo vitatu, na alikaa peke yake. Watoto wako Kanada, mume alikuwa amekufa. Idah alikuwa mkuu wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha nguo, mtu wa kuogopwa na mashine mia mbili. Yeye na Nyawira hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao kule Kalimoni. Siku hiyo Nyawira alipewa maikrofoni aseme machache kwa niaba ya watoto, akasema. Alisema kuna watoto waliomuuguza mama yao, Maitu, kwa mikono na kuna waliomuuguza kwa simu, na kwamba kuna mtu aliyesimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa na leso puani kwa sababu ya harufu, akarudi garini. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Waombolezaji wote waligeuza shingo kama alizeti.

Usiku uliopita, alipohisi ploti inanong'ona, alikuwa amemtumia Idah ujumbe kueleza shida yake. Idah aliusoma. Hakujibu.

Saa sita unusu Nyawira alikuwa getini kwake, mkoba begani, pakiti za dawa ndani, akibonyeza kengele bila kuondoa kidole.

Idah alifungua geti nusu. Alikuwa amenenepa kidogo, na amepaka nywele rangi. Hakusalimu.

"Unataka nini?"

"Choo."

"Unasema?"

"Nataka choo, Idah. Mpaka kesho asubuhi. Nilikuandikia."

"Nilisoma. Nikafikiri mtu mwenye aibu hawezi kuja."

"Aibu niliiacha Mwiki. Nifungulie, saa nane nakunywa."

Idah hakusogea. Gari la jirani lilipita polepole, na jirani akapunga mkono, na Idah akapunga akitabasamu, kisha akaondoa tabasamu kama mtu anayevua miwani.

"Wewe," alisema, "ulisimama mbele ya watu mia tano ukanivua nguo. Mpaka leo nikienda harusi naona wananinong'ona. Sasa tumbo limekuuma ndiyo umejua nina nyumba?"

"Sijaja kuomba msamaha. Nimekuja kuendesha tumbo."

Pengine ni jinsi alivyosema. Pengine ni kwamba jirani alikuwa amesimamisha gari na anatazama. Idah alivuta geti.

"Choo cha nje," alisema. "Cha mtu wa shamba, yuko likizo. Nyumbani mwangu huingii. Utalala kwa chumba chake. Na jina la Maitu usilitaje hapa."

"Sawa."

"Na usiguse maua yangu."

"Maua yako nitayafanyia nini, Idah?"

Chumba cha mtu wa shamba kilikuwa kikubwa kuliko chake cha Mwiki. Choo kilikuwa safi, mlango una komeo, na hakuna mtu duniani wa kuugonga. Nyawira aliketi kwenye kitanda, akakoroga jagi la kwanza, akaanza kunywa glasi baada ya glasi huku akitazama ukuta. Kufika saa tisa na nusu tumbo lilinguruma kama trekta linalopanda mlima. Kufika saa kumi alikuwa ameacha kuhesabu safari. Alijimwagia maji ya ndoo, akarudi, akakaa, akainuka, akakimbia.

Halafu ndoo ikaisha. Alifungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa. Bomba la uani nalo lilikuwa kavu. Siku hiyo mtaa haukuwa na zamu ya maji, na tanki la juu ya paa lililisha nyumba kubwa peke yake. Nyawira alisimama uani na ndoo mkononi. Tumbo likageuka tena, na lilipogeuka safari hii halikutoa notisi.

Alipita mlango wa jikoni. Akapita meza ya chakula yenye viti vinane, akapita picha za wajukuu waliovaa makoti ya baridi, akauona mlango uliokuwa wazi kidogo na karatasi ya choo ya waridi ikining'inia ndani. Akaingia, akafunga.

Viatu vya Idah vilifika mbio, vikasimama nje ya mlango.

"Nyawira!"

"Niko hapa."

"Nilikwambia choo cha nje!"

"Cha nje hakina maji."

"Ungesema!"

"Ningesema saa ngapi? Ilikuwa choo hiki ama zulia lako."

Idah alitikisa kitasa. Kisha sauti zikatoka ndani ya choo, na Nyawira hakujisumbua kuzificha.

"Ngai," Idah alisema nje. "Mungu wangu."

"Ndiyo hivyo. Hata mabosi huenda hivi."

"Hicho ni choo cha wageni!"

"Basi mimi ni mgeni. Nenda zako kama unasikia vibaya. Leso unayo?"

Alijua alichosema. Akangoja viatu viondoke. Havikuondoka. Badala yake kitu kizito kiliegemea mlango.

"Tulikubaliana usimtaje," Idah alisema.

"Sijamtaja. Nimetaja leso."

"Unafikiri ni harufu ilinirudisha garini? Mimi nimekulia zizini kama wewe. Niliona mguu wake. Mguu wa Maitu ulikuwa kama fimbo ya mwavuli. Nikajua nikiingia nitapiga nduru, na yeye angejua kwamba anakufa."

"Alijua. Sisi wote tulijua, wewe ndiye ulikuwa ukituma dawa za vidonda vya tumbo."

"Daktari wa kliniki ya Juja alisema ni vidonda!"

"Na mimi nikakupigia simu nikakwambia kuna damu. Ulinijibu nini?"

Nje viatu vikasogea kidogo, vikarudi.

"Ulisema ni bawasiri. Ulisema apunguze pilipili. Maitu, ambaye hajawahi kuonja pilipili maisha yake yote."

"Kwa hivyo mimi ndiye nilimuua." Sauti ya Idah ilikuwa imepanda. "Sema. Hakuna maikrofoni hapa, lakini wewe sema tu."

"Sina wakati wa kusema, niko kazini."

Idah alipiga mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, mpaka karatasi ya waridi ikatikisika. Nyawira alivuta maji. Yalishuka mengi, ya kumwaga, maji ya kufulia sare za shule nzima, na kwa dakika hiyo alimchukia dada yake kwa sababu ya maji hayo kuliko kwa kitu kingine chochote.

"Wewe ulipimwa lini?" aliuliza kupitia mlangoni.

"Kupimwa nini?"

"Usijifanye. Umenizidi miaka sita. Mama ni mmoja. Kazini kwenu mna bima ya kumpima mtu mpaka kucha."

"Wanatutumia ujumbe kila Januari. Njoo upimwe, kila kitu kimelipwa." Idah alicheka bila furaha. "Nafuta."

"Unafuta."

"Nafuta. Nina kazi. Sina dalili. Na kama ni kufa, afadhali nife bila kujua, si kama Maitu, kuhesabiwa siku na daktari mtoto."

Nyawira aliegemeza kichwa kwenye vigae baridi. Aliwaza Beth na kufuli lake la shaba, gunia la sukumawiki zilizokauka, na mzee wa choo cha stendi. Na hapa kulikuwa na mtu anayebembelezwa kila Januari.

"Una wazimu," alisema. "Toka mlangoni, niletee jagi la pili. Liko kwa kitanda cha mtu wako wa shamba. Na limau kama iko."

"Mimi si mtumishi wako."

Lakini jagi lililetwa. Liliwekwa chini kwa kishindo nje ya mlango, na kando yake limau lililokatwa vipande vinne.

Asubuhi kulipokucha Mwas alipiga simu. Yeye ndiye angempeleka, maana hospitali haikumchoma mtu dawa ya usingizi kama hana mtu mzima wa kumrudisha.

"Mathe, imeharibika. Bosi amenikatalia. Anasema nikitoka leo nisirudi."

"Usitoke," Nyawira alimwambia. "Kazi ni kazi."

Idah alikuwa jikoni, amevaa nguo za ofisini, ufunguo wa gari mkononi. Alikuwa amesikia. Alitazama saa, akatazama dirisha, akasonya.

"Nitakuacha getini kwa hospitali," alisema.

Getini askari alisema hakuna mgonjwa anayeingia peke yake. Idah alimwambia askari kwamba yeye ana mkutano. Askari akamwambia mkutano ni mzuri, aende, na huyu mama naye arudi naye. Idah aliegesha gari vibaya makusudi, akachukua nafasi mbili.

Ndani, muuguzi alikuwa yuleyule. Jina lake Gathoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alimkumbuka Nyawira mara moja.

"Mama wa matope! Leo ilitokaje?"

"Maji matupu. Ya njano, unaweza kusoma gazeti ndani yake."

"Haya, sasa tunaongea. Panda."

Nyawira alipanda kitandani, akageukia ubavu. Sindano iliingia, dari ikaanza kuyeyuka, na jambo la mwisho alilofikiria ni kwamba hatimaye hakuna mtu wa kumgongea mlango.

Alipozinduka alikuwa nyuma ya pazia la kijani. Ulimi ulikuwa mzito kama kiatu. Upande wa pili wa pazia watu walikuwa wakiongea, na mmoja alikuwa Idah.

"Ameamka?"

"Bado kidogo," Gathoni alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

Nyawira alisikia vizuri. Alitaka kusema kitu lakini mdomo ulikataa kutii.

"Sawa, jirani. Kaa pale. Akiamka daktari ataongea naye."

"Lakini wamepata nini?"

"Mambo ya mgonjwa haambiwi jirani."

"Nauliza tu. Ni mbaya?"

"Mama, nimekwambia. Ungekuwa mtu wake ningekuita ndani sasa hivi, daktari anakunywa chai hapo. Jirani anangoja kwa benchi."

Viatu vya Idah vilienda mpaka benchi. Havikukaa. Vikarudi. Vikaenda tena. Nyawira aliviona kwa chini ya pazia, viatu vyeusi vya kisigino vya mtu wa mikutano, na kwa mara ya kwanza wazo likamjia yeye mwenyewe, wazi kama maji: wamepata nini?

Viatu vilisimama.

"Sista," Idah alisema.

"Naam."

"Mimi ni dada yake."

"Dada wa kanisa?"

"Dada."

"Mama, hapa kila mtu ni dada. Wa kanisa, wa chama, ama wa tumbo?"

Viatu vilirudi nyuma hatua moja. Kisha Idah akasema kwa hasira, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, "Wa tumbo. Mama mmoja, baba mmoja. Umeridhika?"

Pazia lilivutwa. Gathoni hakuonyesha kama ameridhika au la, alimwita daktari. Daktari alikuja akipangusa mdomo. Alikuwa kijana, kweli mtoto. Aliwaambia, wote wawili, kwamba amekuta vinyama viwili ukutani mwa utumbo, kimoja kidogo kama punje ya mtama, kingine kikubwa kama ncha ya kidole. Amevikata vyote. Vitapelekwa maabara kuthibitishwa, lakini kwa macho yake hakioni kile wanachokiogopa. Nyawira angengoja miaka mitano, sita, hadithi ingekuwa nyingine.

"Kwa hivyo sina," Nyawira alisema. Sauti yake ilitoka kama ya chura.

"Kwa ninavyoona, huna. Maabara ndiyo itasema neno la mwisho. Utarudi baada ya miaka mitatu." Kisha akamgeukia Idah. "Na wewe ni dada. Mama yenu alikufa na hii. Ulipimwa lini?"

"Mimi sina shida yoyote."

"Hata yeye hakuwa nayo," Gathoni alisema, akikunja shuka.

Walirudi garini, wakashika barabara kuu. Idah aliendesha kama anamfukuza mtu. Walipofika kwenye mzunguko alipiga breki, na mtu wa nyuma akapiga honi, na Idah akafungua dirisha akamtukana kwa Kikuyu cha Kalimoni, cha zizini kabisa. Alifunga dirisha.

"Umenitega," alisema.

"Nilikuwa nimelala."

"Ulijua watauliza. Ulijua ukinileta pale nitakamatwa."

"Hukukamatwa. Ungebaki jirani. Nilikuwa nasikia. Uliongea vizuri sana, jirani."

"Nyamaza."

"Kwa nini hukubaki jirani?"

Idah aliongeza mwendo. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani juu kabisa, kama mtu anayejifunza. Waliacha barabara ya Thika, wakaingia ile ya Mwiki, na lami ikaanza kuwa na mashimo, na Idah akayapita yote bila kukwepa.

Alisimamisha gari nje ya ploti. Kilonzo alichungulia getini. Nyuma yake Beth alisimama na beseni, akalitazama gari, akamtazama Nyawira, akabana midomo. Nyawira alimtazama vilevile. Hakuna aliyesalimu.

"Nitaenda," Idah alisema, akitazama mbele. "Lakini si kwa sababu umeniambia."

"Enda kwa sababu yoyote."

"Kwa hospitali ya bima. Si kule."

"Enda popote wana kamera."

"Wanataka pia mtu wa kunirudisha nyumbani?"

"Kila mahali. Ni sheria."

Idah alikuna usukani kwa ukucha. Wale wa Kanada walikuwa Kanada. Wale wa kiwandani walimwita Madam. Nyawira aliona haya yote yakipita usoni mwa dada yake, na hakumsaidia. Alimngoja ayameze mwenyewe.

"Jumanne," Idah alisema hatimaye.

"Jumanne siwezi. Jumanne wazazi wanachukua sare."

"Wewe ni mtu mbaya sana, Nyawira."

"Ijumaa naweza. Ijumaa nafunga mapema."

"Ijumaa."

Nyawira alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akashikilia paa mpaka kizunguzungu kipungue. Kisha akainama mlangoni.

"Kuanzia kesho, acha nyanya. Na mapera. Mbegu zinashika kwa ukuta wa tumbo, daktari hataona. Na usinywe nusu ya dawa, maliza yote."

"Usinifundishe."

"Nakufundisha. Mambo hii nimefanya mara mbili."

Idah alitia gari gia kabla mlango haujafungwa vizuri.